Sura ya Tano: Imefika?

Mtu akituma mchango kwa simu hatulii. Hurudi kwenye kundi akaandika, "Nimetuma elfu kumi na ya kutolea. Imefika?" Kwa miaka sita nimekuwa mweka hazina wa kundi la WhatsApp la watu tuliosoma shule moja ya msingi wilayani Muheza, na neno hilo nimelisoma mara nyingi kuliko salamu. Mwanzoni nilikuwa nikilijibu haraka, "Imefika, ubarikiwe," nikaendelea na shughuli zangu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba muulizaji haulizi habari za simu yangu. Hela kuingia kwenye simu ya mweka hazina ni nusu ya safari. Anachotaka kujua ni kama elfu kumi yake imefika kwenye tofali, kwenye bati, kwa mtoto wa kike wa darasa la sita anayejizuia tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho kwa sababu choo cha shule hakina mlango.

Nimehudhuria semina kadhaa za mashirika yetu kuhusu mitandao ya kijamii. Siku nzima huishia kwenye namna ya kuongeza wafuasi: uposti saa ngapi, video iwe na sekunde ngapi, picha gani inavuta macho. Habari ya kumjibu mtu aliyekwisha kutoa huachiwa mwisho, kama muda umebaki. Naona mambo yamepangwa kinyume. Watu wetu hawana haja ya kufundishwa kuchangiana. Wamechangiana misiba na harusi tangu kabla ya umeme kufika kijijini, na huku kwetu Tanga, zikisikika habari za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Kinachowavunja moyo ni kimya kinachofuata baada ya kutoa. Mtandao, ukitumiwa vizuri, ni dawa ya kimya hicho, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Acha nianze mbali na kwetu, na mtu aliyeifanya kazi hii vizuri akiwa na wafuasi wachache mno.

Karibu na mji wa Nakuru, Kenya, kuna lokesheni, yaani eneo la chifu, inayoitwa Lanet Umoja. Mwaka 2011 chifu wake, Francis Kariuki, alianza kutumia Twitter kuzungumza na watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2012, waandishi wa habari walipomtembelea, ukurasa wake ulionyesha wafuasi kama 300 tu, katika eneo lenye wakazi wapatao 28,000. Lakini Twitter ya wakati ule iliruhusu mtu kupokea ujumbe wa akaunti fulani kama meseji ya kawaida, bila intaneti na bila yeye mwenyewe kujisajili. Kwa hiyo mzee mwenye simu ndogo ya tochi, ile ambayo Wakenya huiita mulika mwizi, alipata neno la chifu mfukoni mwake sawasawa na kijana mwenye simu ya kisasa. Aliyeipata alimsomea jirani. Chifu mwenyewe alikadiria kwamba maelfu ya watu wake walikuwa wakifikiwa, na ukiwajua watu wa mtaa mmoja, si vigumu kumwamini.

Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile, na wezi wakakimbia. Siku nyingine kondoo alipotea, mwenye rangi ya kahawia na nyeupe, na kamba ya nailoni shingoni. Chifu akaandika hivyo hivyo: rangi, kamba, na mwenye mali ni nani. Haukupita muda kondoo akapatikana.

Huyo kondoo wa Lanet nimemfikiria sana. Ujumbe wake ulikuwa na maneno machache, na kila neno lilikuwa na kazi. Msomaji hakuombwa kulaiki wala kushea. Aliombwa kuchungulia nyuma ya ua wake, jambo ambalo mama aliyekuwa anafua nguo angeweza kulifanya bila kuvaa viatu. Tena mwandishi wa ujumbe alikuwa mtu anayejulikana nyumba yake, anayeonekana kwenye mabaraza na misibani. Angedanganya leo, kesho angekutana na watu aliowadanganya. Na mwisho wa jambo ulionekana na kila mtu: mnyama yuko zizini kwa mwenyewe. Nani angehitaji kuuliza kama imefika?

Chifu Kariuki alifariki katika ajali ya barabarani mwezi Oktoba 2020. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili mwaka huo huo, Twitter ilikuwa imefunga huduma ya kupokea ujumbe kwa meseji katika nchi nyingi duniani. Jambo hilo nitalirudia baadaye.

Mwaka ule ule wa 2011, Kenya hiyo hiyo ilitoa mfano wa ukubwa tofauti kabisa. Ukame ulikuwa umeipiga Pembe ya Afrika, na picha za Turkana zilikuwa zikioneshwa kila jioni kwenye taarifa ya habari. Tarehe 27 Julai ikazinduliwa kampeni ya Kenyans for Kenya, ikiungwa mkono na Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya kwa wiki nne. Lengo likapitwa mapema, likapandishwa hadi bilioni moja. M-Pesa ilikuwa imeanza miaka minne tu nyuma, Machi 2007, na sasa mtu wa kawaida aliweza kutoa hata shilingi kumi akiwa amekaa kwenye matatu. Mitandao ilibeba wito, simu ikabeba pesa. Watu wengi wanaoisimulia kampeni hiyo husifia teknolojia, nami sibishi. Ila nadhani sababu ya ndani zaidi ni kwamba mpokeaji alikuwa Msalaba Mwekundu, ambao Mkenya alikuwa amewaona kwa macho yake kwenye ajali, kwenye mafuriko, na kwenye kambi za waliokimbia ghasia za mwaka 2008. Mtoaji alijua angalau ni mlango upi wa kwenda kuugonga akitaka jibu.

Ghasia hizo ndizo zilizozaa Ushahidi, Januari 2008, mradi wa Wakenya wachache akiwemo Ory Okolloh. Raia walituma habari za kilichotokea pale walipo, kwa meseji au kwa intaneti, na habari ikawekwa kwenye ramani. Jina lenyewe linaeleza fikra: anayesema ni yule aliyeona. Miaka minne baadaye dunia ikaonyeshwa kinyume chake.

Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Lord's Resistance Army, anayetakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2005. Iliitwa KONY 2012. Kwa siku sita ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100, jambo ambalo intaneti ilikuwa haijapata kuliona. Vijana wa Ulaya na Amerika ambao hawakuwa wamewahi kusikia miji ya Uganda ya Gulu wala Lira walilia, wakashea, wakanunua vikuku na fulana. Sina shaka na machozi yao. Kony aliteka watoto wa watu, akawafanya wauaji, na kila aliyekasirika alikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini wiki moja baadaye, tarehe 13 Machi, shirika la Uganda liitwalo AYINET liliionyesha filamu hiyo Lira kwenyewe, kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu waliovipitia vita vile. Wakaja kwa maelfu. Jaribu kukaa nao hapo uwanjani. Jua limezama, pazia limetandazwa, na wewe umekuja kwa sababu umeambiwa kwamba dunia nzima inazungumza habari zako. Pengine una mtoto ambaye hakurudi. Pengine ni wewe uliyerudi, na midomo yako au masikio yako yamekatwa. Filamu inaanza, na sehemu kubwa unamwona baba mmoja wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo nani ni mtu mbaya. Kisha unaona jina la yule aliyekuua ukiwa hai likiwa kwenye mabango na vikuku vinavyouzwa. Kwamba alikwisha kuondoka Uganda miaka kadhaa iliyopita unalisikia kwa kupita tu. Husikii shida yako ya leo, ya shamba, ya shule, ya matibabu. Watazamaji wakaghadhibika, mawe yakarushwa, na AYINET ikasitisha maonyesho mengine iliyokuwa imeyapanga.

Ilipofika siku ya kutoka barabarani, usiku wa tarehe 20 Aprili uliokusudiwa kujaza miji mabango ya Kony, katika miji mingi waliojitokeza walikuwa wachache mno ukilinganisha na waliotazama. Filamu ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Wenye habari yao hawakuwa wameulizwa, na waliotazama hawakuwa wamepewa kondoo wa kumtafuta.

Nisiwanyooshee kidole Wamarekani. Sisi wenyewe, watu wa kijiji kile kile, tuliotembea peku kwenye uwanja ule ule wa shule, tulifanya jambo la aina hiyo hiyo, na mwenye kosa ni mimi.

Shule yetu ilikuwa na wasichana 212 na matundu matatu ya choo, moja halina mlango. Mwongozo wa serikali yetu ni tundu moja kwa wasichana 20. Tulikuwa tumeanza kuchangishana na mchango ulikuwa unasuasua. Mwenzetu mmoja alipokwenda kijijini kwa msiba, alipita shuleni akapiga picha: binti amesimama mbele ya choo kile, sare imechanika begani, uso wote unaonekana. Akanitumia. Nikaandika maneno chini yake, kwamba mtoto huyu hukosa masomo siku nne kila mwezi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wasichana wengi hupatwa na hali hiyo, nikambandika yeye. Picha ikatoka kwenye kundi letu ikaingia kwenye makundi mengine, kwenye stetasi za watu, ikaenda Facebook. Kwa wiki mbili mchango ulipanda mara tatu. Nilifurahi sana.

Kisha ikaja simu ya namba nisiyoijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika maneno chini ya picha ya binti yangu?"

Sauti haikuwa ya ugomvi, na ndiyo maana ilinikata maini. Alikuwa ameonyeshwa picha ile gulioni na muuza nyanya. Akaendelea, "Choo tunakitaka. Mimi mwenyewe nimebeba mchanga wa choo hicho kwa kichwa. Lakini mtoto wiki hii haendi shule, wenzake wanamtania. Mngeniuliza, mwanangu, ningewaambia pigeni picha ya mlango. Mlango hauoni haya."

Tuliifuta. Tukawaandikia mmoja mmoja tuliojua wameisambaza, wafute nao. Wengine walifuta, lakini picha iliyokwisha kutoka haina njia ya kurudi, na mwaka uliofuata niliiona tena imeletwa na mtu wa Mwanza, ikiwa na namba ya simu ambayo si yetu, mtu anaomba hela. Nilisafiri kwenda kijijini pamoja na mwalimu mmoja mstaafu, tukakaa kwenye mkeka wa yule mama tukaomba radhi mbele ya mumewe na binti mwenyewe. Sasa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana ya kwao ya 2019, na ni vizuri kila anayeendesha kundi la michango azisome. Lakini mimi sheria yangu niliipata kwenye ule mkeka. Tangu siku hiyo uso wa mtoto hatuuposti. Tunaposti mlango, tofali, mikono ya fundi, migongo ya watoto wakichota maji. Mtu mzima tukimpiga picha, anaonyeshwa kwanza, na maneno ya chini yake anasomewa, akiyakataa yanabadilishwa. Mwezi uliofuata mchango ulipungua sana, na tukaubeba hivyo hivyo.

Kosa la pili lilikuwa kimya.

Masika ya mwaka wa pili fundi tuliyempa malipo ya awali alihamia kwenye kazi nyingine, mvua ikanyesha, na shimo la choo likajaa maji hadi karibu na ukingo. Kamati ya watu watano tukakubaliana tusiseme kitu kwenye kundi mpaka mambo yatengemae, tusije tukawakatisha watu tamaa. Wiki saba. Mwanzoni waliuliza, halafu wakaacha kuuliza, halafu kwenye kundi yakaanza kuonekana yale maneno madogo ya kijivu kwamba fulani ameondoka. Mzee mmoja mstaafu aliniandikia faragha: "Mdogo wangu, mimi nilituma kwa ajili ya marehemu mke wangu aliyefundisha pale. Niambie tu, hata kama ni baya."

Usiku ule niliposti picha ya shimo lenye maji. Chini yake nikaandika: tumepokea 2,860,000. Vifaa vimetumia 1,515,000. Fundi anazo 400,000 na hajaonekana. Zimebaki 945,000. Tumekosea kumlipa kabla ya kazi na tumekosea kukaa kimya.

Nilizima simu nikalala kwa hofu. Asubuhi nilikuta meseji zaidi ya sabini. Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki. Mmoja alikuwa na mjomba fundi Korogwe. Mmoja, dereva wa lori, alisema atapeleka tripu ya mchanga bure akipita njia ile. Mmoja alimjua kaka wa yule fundi aliyetoroka, na kupitia kwake tulirudishiwa 250,000. Na yule mzee mstaafu akatuma elfu hamsini nyingine, hakuandika neno lolote zaidi ya lile la siku zote: imefika?

Tangu hapo kila Ijumaa saa mbili usiku naposti ukurasa wa daftari. Sitengenezi mchoro wala jedwali la rangi. Ni daftari la mistari la kawaida, mwandiko wangu, picha iliyopigwa kwa simu chini ya taa. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi: saruji mifuko 12, kila mfuko 16,500, jumla 198,000, mchanga tripu moja, 90,000, bodaboda kupeleka nondo, 7,000, soda za mafundi, 3,000. Mjumbe mmoja wa kamati aliniomba niifute ile soda, akaona inatia aibu, watu watasema tunakula michango. Nikaiacha. Wakabishana juu ya soda siku mbili nzima, na katika mabishano hayo nikagundua kwamba kila mtu alikuwa ameusoma ukurasa mzima, hadi mstari wa mwisho. Taarifa ya robo mwaka ya kurasa nane haisomwi hivyo. Wiki isiyo na matumizi naandika "hakuna kilichotumika," na naposti vilevile.

Kuna mambo mengine madogo niliyojifunza kwa kukosea, nayataja harakaharaka. Tarehe iandikwe ndani ya picha yenyewe, kwa sababu maneno ya chini hukatika picha ikisambazwa. Kila mmoja wetu amewahi kuletewa tangazo la mtoto aliyepotea, kumbe alipatikana miaka mitatu iliyopita na familia bado inapigiwa simu. WhatsApp wenyewe waliliona tatizo hili: mwaka 2019 walizuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu. Na jambo likiisha, tangazo la kuisha lisambazwe kwa nguvu ile ile ya tangazo la kuanza.

Namba ya kupokea iwe moja, isibadilike, na jina linalotokea kabla ya kubonyeza kuthibitisha liwe lile lile lililoandikwa kwenye kundi. Nchi yetu imeteswa na meseji za "ile hela itume kwenye namba hii," na matapeli hawashindwi kuchukua picha ya mwenyekiti wenu wakaiweka kwenye akaunti yao. Tulikubaliana kwamba namba haitabadilishwa kwa meseji kamwe. Ikibidi kubadilishwa, watatu wa kamati watatangaza kwa sauti zao, na watu wanazijua sauti zetu. Pia fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Kikundi kikikua, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Hilo si la kumshuku mweka hazina. Mimi ndiye niliyeliomba, kwa sababu nilikuwa nalala na hela za watu chini ya mto.

Sauti ina faida nyingine. Kwenye kundi letu wamo mama zetu ambao kusoma ukurasa wa daftari ni kazi, macho hayaoni. Kila Ijumaa baada ya picha narekodi dakika mbili nikiusoma. Yule mama wa binti sasa yumo kwenye kundi, na yeye husikiliza, hasomi. Hata kama msikilizaji hana bando la kupakua video, sauti ya dakika mbili inapita.

Na mjue kalenda ya watu wenu. Mwalimu na nesi wanatoa mwisho wa mwezi. Mkulima wa machungwa wa Muheza anatoa msimu wa machungwa, na kumwandama nje ya msimu ni kumfukuza. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala, niliona wazi watu wakiacha kutuma elfu mbili mbili. Walizikusanya kwa ndugu mmoja, akatuma mara moja. Hatukuwalaumu. Tuliwapa namna ya kuandika majina yote kwenye daftari, kila mmoja na elfu mbili yake.

Sasa nirudi kwa ile huduma ya meseji iliyofungwa. Chifu wa Lanet Umoja aliongea na wazee wa mulika mwizi kwa sababu kampuni moja ya Marekani iliacha mlango wazi, na siku ilipoufunga haikumuuliza mtu wa Nakuru. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kuanzia jioni yetu hadi baada ya saa sita usiku, dunia nzima, kama saa sita. Mei 2025 mtandao wa X, ile Twitter ya zamani, ulifungiwa hapa Tanzania. Uwanja si wetu, na tunachezea tukiruhusiwa. Kwa hiyo kundi letu lina daftari la pili, la majina na namba za simu za watu 143, na karibu na kila jina kuna jina la mtu mwingine anayeishi jirani naye na anayeweza kwenda kugonga mlango. Nakala moja iko kwangu, moja kwa katibu, moja kabatini kwa mwalimu mkuu. Ile jioni ya Oktoba mvua za vuli zilikuwa zimeezua mabati mawili ya jengo jipya. Nilimpigia mtu mmoja, naye akampigia mwenzake, na kabla ya saa nne usiku mabati yalikuwa yamewekewa mawe juu.

Matundu kumi na mawili yalifunguliwa Januari mwaka juzi, saba ya wasichana na matano ya wavulana, bado pungufu ya mwongozo lakini yana milango na komeo kwa ndani. Wanakijiji walichimba na kubeba. Thamani ya nguvu zao tuliiandika kwenye daftari pia, siku kwa siku, maana wao ndio wachangiaji wakubwa kuliko sisi wa mjini tunaotuma kwa kidole. Mwalimu mkuu alituomba ule ukurasa wa mwisho wa hesabu aubandike kwenye ubao wa matangazo wa shule, upande ambao wazazi hupita. Aliyeandaa gundi na kuubandika alikuwa yule binti, wakati huo akiwa darasa la saba, kiranja wa usafi. Picha ya siku hiyo inaonyesha mikono miwili ikilainisha karatasi.

Zilibaki shilingi 38,400. Ijumaa ile niliuliza kwenye kundi zifanye nini. Hadi Jumapili jioni watu 61 walikuwa wamejibu. Wengi walitaka sabuni.